Mstaafu wa Kyela na Matibabu Yake: Historia Fupi

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike habari za historia ya wilaya yetu, kama nilivyozoea kuzifundisha darasani. Najua wengi mtatazamia habari za Wajerumani, au za machifu wa zamani, au za meli za ziwani. Hizo zitapata nafasi yake siku nyingine. Safari hii nimechagua jambo ambalo kila tunapokutana huzungumzwa pembeni, wakati wa chakula, lakini sijaliona likiandikwa humu: mtu akistaafu akarudi nyumbani Kyela, nani humtibu, na kwa fedha ya nani?

Wenzetu wanaostaafu siku hizi huulizana ni kadi ipi ya matibabu iliyo bora. Mimi nasema hakuna kadi iliyo bora kwa kila mtu. Kila kadi ilitungwa katika wakati fulani, kwa ajili ya mtu wa namna fulani. Nyingine ilitungwa kwa ajili ya mtumishi wa serikali, nyingine kwa ajili ya mkulima, nyingine kwa ajili ya mfanyakazi wa kampuni. Mstaafu ni mtu anayetoka katika namna moja ya maisha na kuingia katika nyingine. Jana alikuwa mtumishi, leo ni mkulima wa mpunga na kakao. Hapo ndipo mashaka yanapoanza, na hapo ndipo historia inapoweza kumsaidia. Nanyi vijana mlioko madarasani msiruke ukurasa huu, maana wanaouliza swali hili ni baba zenu na babu zenu, na wanaolipa mara nyingi ni ninyi.

KABLA YA KADI

Kati ya mwaka 1934 na 1938 wataalamu wawili, Godfrey Wilson na mkewe Monica, walikaa Unyakyusa wakichunguza maisha ya watu wetu. Jambo lililowashangaza sana ni vijiji vya marika. Vijana wa rika moja walijenga pamoja, wakaoa, wakazeeka wakiwa majirani. Tena kulikuwa na sherehe ya ubusoka, ambapo kizazi cha baba kilikabidhi uongozi wa nchi kwa kizazi cha wana. Kwa lugha ya leo twaweza kusema kwamba huko ndiko kulikuwa kustaafu: kizazi kizima kilistaafu pamoja, tena kwa heshima.

Mzee akiugua alitazamwa na watoto wake na marika wake waliokaa jirani. Ng'ombe ndio waliokuwa akiba, na chakula kilitoka katika mashamba ya jamaa. Ilikuwa bima ya watu wanaokaa karibu. Nguvu yake ilikuwa hapo, na udhaifu wake ulikuwa hapo hapo, kwa maana mtu akiondoka aliiacha nyuma.

Na watu waliondoka kweli. Katika miaka ya 1930 vijana wa huku walikwenda kwa wingi katika machimbo ya dhahabu ya Lupa, Chunya. Wengine walivuka mpaka wakaenda kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, na wengine wakafika migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini. Baada ya uhuru serikali yetu ilikomesha uandikishaji wa wafanyakazi wa kwenda Afrika Kusini. Lakini waliokwisha kwenda walirudi wakiwa na baiskeli, mablanketi na nguo, na baadhi yao wakiwa na kikohozi cha vumbi la mgodini. Mwajiri alibaki huko, na kikohozi kikaja kutibiwa hapa. Somo hili la kwanza tulishike: matibabu yaliyofungwa na kazi huisha kazi inapoisha, ila pawepo sheria inayosema vinginevyo.

WAJERUMANI, WAMISIONI NA WAINGEREZA

Inafaa kukumbuka kwamba bima ya afya ya lazima, kwa maana yake ya kisasa, ilianzia Ujerumani. Mwaka 1883, wakati wa Bismarck, Wajerumani walitunga sheria ya kuwakata wafanyakazi wao mchango wa matibabu, na waajiri nao wakachangia. Mwaka 1889 wakaongeza sheria ya pensheni ya uzeeni. Miaka michache baadaye Wajerumani hao hao walikuwa wamekwisha kujenga boma lao la Langenburg pwani ya kaskazini-mashariki ya ziwa letu, kabla ya kulihamishia Tukuyu. Lakini sheria ile ya 1883 haikupanda meli kuja huku. Mpagazi aliyebeba mizigo yao hakukatwa mchango wala hakuwa na daftari la matibabu.

Dawa za kizungu zilikuja zaidi kwa mikono ya wamisioni. Mwaka 1891 waliingia Wamoravian na watu wa Misioni ya Berlin. Wamoravian walianza Rungwe, kisha wakateremka Ipyana, hapa kwetu tambarare. Wa Berlin walishika upande wa milima ya Livingstone na Matema. Mbegu hizo ndizo zilizozaa hospitali za makanisa tunazozijua leo, kama Hospitali ya Kilutheri ya Matema katika wilaya yetu na ile ya Itete kule Busokelo. Nataka wasomaji wakumbuke jambo hili kwa sababu litarudi mbele: upande wa mashariki wa wilaya, hospitali iliyo karibu na watu ni ya kanisa, si ya serikali.

Katika utawala wa Waingereza, watawala wa kienyeji walianza kujenga zahanati kwa fedha za hazina zao, yaani kwa kodi ya watu. Watumishi wa serikali nao wakawekewa pensheni, na sheria yake kubwa ikawa ya mwaka 1954. Sheria hiyo ilimpa mstaafu fedha. Haikumwahidi dawa.

HOSPITALI BURE

Baada ya uhuru, na hasa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, taifa letu lilichagua njia moja iliyo wazi: matibabu katika hospitali za serikali ni haki ya kila mtu, na hayauzwi. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilipita redioni, watu wakakaa katika vikundi vya kusikiliza, wakachimba vyoo na kufyeka vichaka. Mwaka 1977 sheria ikazuia hospitali za watu binafsi zinazotafuta faida. Za makanisa ziliendelea.

Katika miaka hiyo hiyo mifuko ya uzeeni ilijengwa. Mfuko wa Akiba ya Wafanyakazi, uliojulikana kwa herufi NPF, ulianzishwa mwaka 1964. Mfuko wa pensheni wa mashirika ya umma, PPF, ulianzishwa mwaka 1978. Mtu akitazama mifuko hiyo leo anaweza kulaumu kwamba waliotunga sheria walisahau maradhi ya wazee. Mimi sikubaliani naye. Hawakusahau. Walihesabu pensheni ya mzee wakijua kwamba hospitali ni bure, kwa hiyo fedha ile ilikuwa ya chumvi, sukari, mafuta ya taa na karo za wajukuu. Pensheni na hospitali vilikuwa miguu miwili ya mtu mmoja.

Mguu mmoja ulikatwa mwaka 1993. Hali ya uchumi ilikuwa imeharibika tangu mwisho wa miaka ya 1970. Hospitali zilikuwa zimebaki majengo, dawa hazipo, na watu wakinunua dawa nje. Mwaka 1991 sheria ilibadilishwa, hospitali za binafsi zikaruhusiwa tena. Kuanzia 1993 serikali ikaanzisha uchangiaji wa gharama, kwanza hospitali kubwa, kisha za wilaya. Wajawazito, watoto wadogo na watu wasiojiweza walisamehewa. Lakini pensheni haikuhesabiwa upya kwa sababu hiyo. Mwalimu aliyestaafu mwaka 1985 na kupangiwa fedha ya sukari na chumvi, sasa alitakiwa kulipa na daktari kwa fedha hiyo hiyo. Kizazi hicho ndicho kilichoumia kuliko vyote, na wengi wao walikuwa walimu wetu.

MILANGO MIWILI YA MWAKA 2001

Serikali ilijibu tatizo hilo kwa kufungua milango miwili, na milango hiyo ndiyo asili ya uchaguzi unaotusumbua mpaka leo.

Mlango wa kwanza ni Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, uliotungiwa sheria mwaka 1999 na kuanza kazi Julai 2001. Ulitungwa kwa ajili ya mtumishi wa serikali. Asilimia 6 ya mshahara ilikwenda katika mfuko, nusu ikikatwa kwa mtumishi na nusu ikitolewa na mwajiri. Mwenye mshahara wa shilingi 800,000 alikatwa 24,000 kwa mwezi, na mwajiri akatoa 24,000 nyingine. Kadi hiyo ilimhudumia yeye, mwenzi wake na wategemezi wasiozidi 4, na iliweza kumfikisha hata hospitali ya rufaa. Aliyestaafu kabla ya Julai 2001 hakuwahi kukatwa, basi hakuwa mwanachama.

Mlango wa pili ni Mfuko wa Afya ya Jamii, ambao wengi huuita CHF. Ulijaribiwa Igunga katikati ya miaka ya 1990, na sheria yake ikapitishwa mwaka 2001. Huu ulitungwa kwa ajili ya mkulima na mvuvi, mtu asiye na mshahara wa kukatwa. Kaya ililipa kiasi kidogo mara moja kwa mwaka, na serikali ikaongeza sehemu yake. Mwanzoni kadi ile ilitibu karibu na nyumbani tu. Mwaka 2018 mfuko ukapangwa upya: nje ya Dar es Salaam, kaya ya watu hadi 6 ikatakiwa kulipa shilingi 30,000 kwa mwaka, na huduma ikapanuliwa kutoka zahanati hadi hospitali ya mkoa.

Pembeni kukawa na madirisha mengine. NSSF, iliyotokana na NPF kwa sheria ya mwaka 1997, ilianzisha fao la matibabu kwa wanachama wake wa mashirika na kampuni. Makampuni ya bima ya binafsi nayo yakauza kadi zake, zaidi kwa waajiri wa mijini. Na Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ikasema kwamba mzee ni mtu wa miaka 60 na kuendelea, na asiyeweza kulipa atibiwe bure katika vituo vya serikali. Huo ni msamaha, si bima, na tofauti yake nitaieleza baadaye kidogo.

Jambo kubwa kwa mstaafu lilikuja pale Mfuko wa Taifa ulipokubali kumhudumia mtumishi aliyestaafu akiwa mwanachama, yeye pamoja na mwenzi wake, bila kuendelea kuchangia. Kwa mara ya kwanza tangu 1993 mstaafu wa serikali alirudishiwa ule mguu wake uliokatwa. Lakini tazameni vizuri maneno hayo: yeye na mwenzi wake. Wategemezi wengine walihesabiwa alipokuwa kazini. Nyumba zetu za Kyela hazina watu wawili. Zina wajukuu, zina dada aliyerudi nyumbani, zina mama mzee.

MASHARTI HUBADILIKA

Mwaka 2019 Mfuko wa Taifa ulifungua vifurushi vitatu kwa mtu yeyote anayetaka kujiunga kwa hiari: Najali Afya, Wekeza Afya na Timiza Afya. Bei ilianzia shilingi 192,000 kwa mwaka kwa kijana, na ilipanda kwa makundi ya umri, kundi la mwisho likiwa la miaka 60 na zaidi. Wazee wengi walinung'unika. Sitetei bei, lakini mwanafunzi wa historia apaswa kufahamu sababu yake. Bima ni mchango wa wazima kwa ajili ya wagonjwa. Watumishi wote wanapokatwa, wazima na wagonjwa wamo pamoja, na mzee hubebwa na kijana. Watu wanapojiunga kwa hiari, wazima husubiri na wagonjwa ndio hukimbilia, basi mfuko hupungukiwa, na bei hupanda. Ndiyo maana anayengoja mpaka aumwe ndipo atafute kadi hukuta mlango mwembamba: bei kubwa, muda wa kusubiri, na kwa kampuni nyingi za binafsi, kikomo cha umri cha kujiunga.

Tangu 2019 majina ya vifurushi na masharti yake yamebadilika. Machi 2024 kulitokea jambo jingine la kujifunza. Mfuko wa Taifa ulitangaza kitita kipya cha mafao na bei zake, hospitali nyingi za binafsi zikakataa bei hizo, na kwa siku kadhaa wenye kadi walirudishwa mlangoni. Mvutano ulitulizwa, lakini kila mwenye kadi aliona kwamba nguvu ya kadi imo katika mkataba kati ya mfuko na hospitali. Mkataba ukiyumba, kadi nayo huyumba.

Juu ya yote hayo, Bunge limetunga Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Muswada wake uliwasilishwa Septemba 2022, ukaahirishwa kwa mabishano ya nani atawalipia wasio na uwezo, ukapitishwa Novemba 2023. Sheria hiyo inataka kila mkazi wa Tanzania Bara awe na bima. Mwenye busara ataisoma sheria hiyo kama ukurasa mpya wa hadithi hii: tulianza na kijiji cha marika, tukaenda hospitali bure kwa wote, tukagawanyika katika kadi za namna namna, na sasa twajaribu kurudi kwa wote, safari hii kwa kuchanga.

Mataifa makubwa nayo hayajamaliza swali hili. Waingereza walichagua mwaka 1948 kwamba kodi iwatibu wote. Wamarekani mwaka 1965 walianzisha bima ya serikali kwa wazee wa miaka 65 na kuendelea, na mpaka leo mzee wa Marekani huketi na karatasi nyingi akilinganisha aina moja ya bima na nyingine. Jirani zetu wa Kenya, waliokuwa na mfuko wao wa hospitali tangu 1966, waliubadilisha wote Oktoba 2024. Basi mzee wa Ipinda anayekuna kichwa asijione mjinga.

WENZETU WATATU

Sasa tutoke katika jumla tuingie katika nyumba. Tuwachukue watu watatu wa mfano, waliosoma darasa moja.

Wa kwanza alikuwa mwalimu wa shule ya msingi hadi miaka 60, akirudi Ngonga. Yeye ana kadi ya Mfuko wa Taifa, yeye na mkewe. Kwa watu wawili hao hana haja ya kununua kingine. Akipewa rufaa kwenda Mbeya, zaidi ya kilomita 100 kwa barabara ya kupanda milima kupitia Tukuyu, kadi yake itafanya kazi katika hospitali ya mkoa na katika hospitali ya kanda pia. Lakini wajukuu wanne waliomo nyumbani hawamo katika kadi hiyo. Akisema "nina bima", ukweli ni kwamba theluthi moja tu ya nyumba yake ina bima. Huyu anahitaji kadi ya pili, ya kaya, kwa ajili ya wale wanne. Watoto huugua malaria mara nyingi kuliko babu anavyougua presha, na kwa kiwango cha mwaka 2018 kadi hiyo ilikuwa ya shilingi 30,000 tu.

Wa pili alifanya kazi katika kampuni mjini, akarudi Matema. Matibabu yake yalifungwa na ajira. Huyu ndiye aliye katika hatari kubwa kuliko wote, na mara nyingi hajui, kwa kuwa alipokuwa kazini ndiye aliyetibiwa vizuri kuliko wote. Kazi yake ya kwanza ni kuuliza mfuko wake, miezi mingi kabla ya kuondoka kazini, kama kuna njia ya kuendelea akiwa mstaafu na kwa masharti gani. Kama hakuna njia, na kama ana ugonjwa wa kudumu wa sukari, moyo au figo, basi sehemu ya kiinua mgongo ihesabiwe kwa kifurushi cha hiari kinachofika hospitali kubwa, kabla hajanunua bati. Tena aulize kama hospitali ya kanisa iliyo jirani yake inapokea kadi anayoitaka. Kadi kubwa isiyopokewa hospitali iliyo karibu, kwa mtu wa Matema wakati wa mafuriko ya masika, ni karatasi.

Wa tatu hakuajiriwa kamwe. Ni mkulima wa mpunga na kakao, na siku nyingine hutupa nyavu ziwani. Hakustaafu kwa sheria, amechoka tu. Yeye alikuwa mtu wa CHF tangu awali. Kadi hiyo inamfaa kwa maradhi ya kawaida, hadi hospitali ya mkoa. Lakini lazima ajue kikomo chake. Pale Mbeya hospitali ya mkoa na hospitali ya kanda zimo mji mmoja, ila kwa kadi yake ile ya kwanza ilikuwa ndiyo mwisho wa njia. Saratani, upasuaji mkubwa na kusafisha damu kwa mashine viko ng'ambo ya kikomo hicho. Ulipaji wake nao una majira. Mtu wa mshahara hukatwa kila mwezi, mkulima hupata fedha mavuno ya mpunga yanapouzwa. Anayengoja Januari, wakati ghala ni tupu na karo zinadaiwa, hatalipa. Alipe anapouza.

Je, mtu wa tatu asiseme tu, "mimi ni mzee, nitatibiwa bure"? Hapa ndipo tofauti ya msamaha na bima. Msamaha humwondolea mzee malipo, lakini haumletei mfuko wala hospitali fedha ya kununua dawa alizotumia. Dawa zikiwapo, atazipata. Zisipokuwapo, msamaha wake hauzileti, naye ataelekezwa duka la dawa. Tena msamaha ni wa vituo vya serikali. Kwa hiyo auchukue msamaha kama haki yake, apate na barua au kitambulisho chake mapema, lakini asiufanye kuwa ndio ulinzi wote wa nyumba.

Neno moja kwa wote watatu. Sisi tuna ndugu Karonga, na kwa ndugu mto Songwe si mpaka. Kwa kadi ni mpaka. Mfuko wa huku haulipi hospitali za Malawi. Anayekwenda kukaa kwa binti yake ng'ambo miezi miwili achukue dawa zake za kutosha.

MASWALI YA KUULIZA

Nimekwisha kuwa mwalimu, siwezi kuacha bila maswali. Kabla ya kustaafu, mtu aandike majibu ya haya katika karatasi, kwa jibu la ofisi inayohusika, wala si la jirani.

Kwanza: siku nitakapotoka kazini, kadi yangu itaendelea, au itakoma tarehe gani? Pili: itamhudumia nani mwingine nyumbani mwangu, kwa majina? Tatu: nikifa mimi kwanza, mwenzi wangu ataendelea kuitumia? Nne: zahanati au hospitali ninayoweza kuifikia usiku, mvua ikinyesha, inaipokea? Tano: inakoma hospitali ya ngazi gani, na dawa ninazokunywa kila siku zimo katika orodha yake? Sita: mchango wa mwaka huu ni kiasi gani, na utalipwa mwezi gani?

Mtu akijibu maswali hayo sita, hatauliza tena ni kadi ipi iliyo bora. Atakuwa amekwisha kuiona.

PENDEKEZO KWA CHAMA CHETU

Mwisho naleta hoja, na naomba ijadiliwe katika mkutano ujao. Chama chetu kina desturi njema. Mwenzetu akilazwa, kofia hupitishwa. Hiyo ni roho ile ile ya kijiji cha marika, nami sitaki ife. Lakini kofia hupitishwa mtu akiwa amekwisha kulazwa, na anayejulikana na wengi huchangiwa kingi, asiyejulikana huchangiwa kidogo. Rika halipaswi kufanya hivyo.

Napendekeza kwamba kila mwaka, baada ya mavuno, chama kihesabu wanachama wake wanaoishi wilayani ambao nyumba zao hazina kadi yoyote, na kiwalipie kadi ya kaya wale wasioweza. Kwa kiwango cha 2018, kaya 20 zingegharimu shilingi 600,000. Kiwango cha sasa kiulizwe halmashauri kabla ya kupiga hesabu. Kofia ibaki kwa yale ambayo kadi ya kaya haiyafikii: nauli ya Mbeya, ugonjwa mkubwa, chakula cha anayemuuguza mgonjwa. Tena wanachama wanaostaafu mwaka unaokuja wakutanishwe na waliokwisha kustaafu, wapitie maswali yale sita pamoja, karatasi mkononi.

Wapo watakaosema kwamba sheria mpya ya bima kwa wote itamaliza jambo hili. Naomba iwe hivyo. Lakini sheria hukuta watu pale walipo, na aliyejiandikisha huhudumiwa kabla ya anayetafutwa. Wazee wetu wa zamani walistaafu pamoja, siku moja, kizazi kizima, na hakuna aliyeachwa nyuma ya nyumba akiugua peke yake. Sisi tulistaafu mmoja mmoja, kila mtu na mwajiri wake na karatasi zake. Kilichobaki cha kutuunganisha ni shule hii na chama hiki. Basi tukitumie.